Mtungi Uliokataa Kupasuka

Aliyefunga mpira wa gesi siku ile ni Mahamudu mwenyewe, kwa plaizi yake mwenyewe, na alikataa katakata kusaidiwa. Mkewe Shufaa alimwambia mpira umechoka, una ufa karibu na koki. Mahamudu akauzungushia ufa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

"Mwanamke na gesi wapi na wapi," akasema. "Nyie washeni tu. Likitokea la kutokea mtaniita."

Kuni zote zilikuwa mbichi. Mafuriko ya mwaka huo yaliingia mpaka uwani kwa watu, na arobaini ya marehemu Ridhiwani, kaka yake Mahamudu, iliahirishwa mara mbili hata ikaangukia siku ya mia na ishirini na moja. Bado waliiita arobaini. Familia ile haikuwahi kusumbuliwa na hesabu isipokuwa pale kilipokuwepo cha kugawana. Mahamudu alishikilia hitima isomwe kabla mjane hajatoka eda, ili watu wa Ikwiriri waone kwamba nyumba ina mwenyewe.

Mjane mwenyewe, Mwanahawa, alikuwa chumbani na mama mkwe wake, Bi Kudra, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kulia na nusu ya maneno. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Kwa Mwanahawa zilikuwa zimebaki siku tisa. Hakuwa na haraka ya kutoka kwenda kutembea. Alikuwa na ekari tatu za ufuta Nyamwage, zilizopandwa na yeye na Ridhiwani wiki mbili kabla ya kifo. Nyumba ni ya Bi Kudra. Kitanda ni cha Bi Kudra. Ufuta tu ndio uliokuwa wake, na aliyewahi kulima ufuta anajua hauna subira: maganda ya chini yakishageuka njano, ukichelewa wiki mbili yanafunguka yenyewe na mbegu zinamwagika chini kwa ajili ya ndege. Feisal, dereva wa bodaboda anayepita Nyamwage kila siku, alikuwa akimletea Shufaa habari za shamba, na Shufaa akizifikisha chumbani. Jana yake alisema maganda ya chini yameanza.

Siku tisa zilikuwa zinatosha. Mwanahawa alishapiga hesabu, na Mahamudu naye alishapiga ya kwake. Wiki moja kabla ya hitima alikwenda chama cha msingi kuulizia utaratibu wa kuuza mzigo wa marehemu kama mjane bado hajatoka ndani.

Sasa ni lazima tuseme juu ya elimu ya Mahamudu, maana siku ile iliamriwa na elimu hiyo. Mahamudu ana banda la video nyuma ya stendi. Kwa miaka kumi na minne amekaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, akiwatafsiria watu filamu za Kizungu, za Kihindi na za Kichina, na lugha hizo zote hajui hata moja. Lakini milipuko haihitaji lugha. Anajua kwamba gari likitumbukia korongoni hulipuka kabla halijafika chini. Anajua kwamba pipa likipigwa risasi moja linaangusha ghorofa, na kwamba shujaa huwasha sigara, akatupa kijiti nyuma, akaondoka bila kugeuka huku moto umejaa mgongoni. Anajua waya mwekundu haukatwi. Haya yote amewafundisha vijana wa Ikwiriri kwa shilingi mia tano kwa kila kichwa, na wameelewa vizuri kuliko walivyoelewa shule.

Shufaa akawasha kiberiti.

*

Hakukuwa na mlio. Wote waliokuwepo jikoni wangeapa hivyo siku ile, ingawa baadaye wengi waliapa vingine. Kulitoka sauti ya fuu, kama mtu anayepuliza uji, na moto mrefu kama mkono ukasimama pale kwenye tyubu ya baiskeli. Jiko lilikuwa la nje, limeezekwa makuti, na paa lake liliegemea ukuta wa chumba alicholala Bi Kudra, chini kabisa ya dirisha. Moto ukaanza kuramba nguzo.

Shufaa na wenzake wakakimbilia mbele ya nyumba wakipiga yowe. Huko walikaa wanaume kama thelathini juu ya majamvi, wamevaa kanzu, kila mmoja na juzuu yake. Mahamudu akainuka, akaenda mpaka pembe ya nyumba, akachungulia mara moja, akarudi mbio.

"Laleni chini," akapiga kelele. "Mtungi unapasuka. Mna sekunde kumi."

Wakalala. Tuwape haki yao: juzuu waliziweka kwanza juu ya mto, kwa adabu. Baada ya hapo watu wazima thelathini, wenye ndevu na wajukuu, na mmoja wao mstaafu wa serikali, walijitupa mchangani kifudifudi na kuziba masikio. Maalim Tamimu, aliyekuwa akiongoza kisomo, aliingia chini ya meza ya vikombe. Feisal naye alilala, ila simu yake aliiinua juu, inarekodi.

"Kwa nini kumi?" akauliza aliyelala karibu na Mahamudu, Mzee Miraji, muuza mchele wa sokoni.

"Ni kumi siku zote," akajibu Mahamudu.

Wakahesabu. Walianza kimoyomoyo, kisha wakawa wanahesabu pamoja kwa sauti. Chini ya meza Maalim alihesabu kwa Kiarabu. Walifika kumi na hakikutokea kitu, wakaendelea.

"Mama yenu yumo ndani," Shufaa akasema. Alikuwa amesimama, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumlaza. "Mahamudu, mama yumo ndani na yule mwenzake."

"Lala chini, wewe."

"Basi niende nikaifunge koki."

"Ukifunga, moto unarudi ndani ya mtungi. Hapo ndipo unapasuka." Akamkamata mguu. "Miye nimeona vitu hivi mara mia. Tulia."

Kuona alikuwa ameona, hilo hatumkatalii. Lakini mtungi wa gesi haujui kuhesabu mpaka kumi. Gesi inayovuja kwenye mpira inawaka palepale inapovujia, wala haigeuki kurudi ilikotoka. Ukifunga koki inakosa chakula na kuzimika. Mtungi hupasuka ukiachwa ukachomwa kwa nje muda mrefu, kwa mfano ukiangukiwa na paa la makuti linalowaka. Kwa hiyo kila namba waliyoitamka pale mchangani ndiyo iliyokuwa ikiwasogeza kwenye jambo walilokuwa wakilikimbia. Nani wa kuwaambia? Mwalimu wao alikuwa amelala mstari wa mbele.

*

Mwanahawa aliona mwanga dirishani, kisha akasikia wanaume wanahesabu. Alidhani kwanza ni sehemu ya kisomo asiyoijua.

"Kuna moto," akasema Bi Kudra kwa ule mdomo wake wa upande.

"Nauona, mama."

"Mahamudu yuko wapi?"

"Yuko nje. Anawapanga watu."

Kabla ya kuumwa kwa mumewe, Mwanahawa alipika miaka kumi na moja kwenye gesti moja ya barabarani, na moto wa namna hii aliuona mara mbili. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya pili aliyekuwa zamu naye, mama mmoja wa makamo, alilowanisha gunia, akalitupia pale penye moto, akafunga koki, akarudi kukatakata vitunguu. Mwanahawa alitafuta gunia chumbani na hakukuwa na gunia. Palikuwa na ndoo ya maji ya kumwogeshea Bi Kudra. Akavua mtandio kichwani, akauchovya ndooni, akauzungushia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akatokea mlango wa nyuma.

Koki ilikuwa imekaa chini kidogo ya moto. Aliizungusha kulia, ikagoma, kwa sababu Mahamudu alikuwa ameifungua kwa plaizi mpaka mwisho. Akaizungusha tena. Mtandio uliteleza kwenye vidole na moto ukamshika mgongo wa kiganja, naye akaendelea kuzungusha, maana mkono ukishaungua umeungua. Moto ukanywea, ukawa bluu, ukazimika. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumenya punje moja ya kitunguu saumu.

Lakini nguzo ilikuwa imeshawaka na kona ya makuti inafuka. Akachukua mchi kwa mkono wa kushoto, akayaangusha yale makuti uwanjani, akarudi kuchota ndoo, akamwagia. Moshi ukajaa chumbani. Bi Kudra akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na nguvu, na Mwanahawa akaona hapa hapakaliki. Akamwinamia, akamweka mgongoni kama mtoto, akatoka naye kwa mlango wa mbele.

Aliwakuta wote chini. Walikuwa wamefika arobaini na tatu.

Mtu mmoja akaacha kuhesabu, kisha mwingine, hata ukabaki Kiarabu cha chini ya meza, nacho kikanyamaza. Mwanahawa alisimama katikati yao na bibi kizee mgongoni, kichwa wazi, nywele zimejaa majivu, mkono unatoa mvuke.

"Nimefunga," akasema.

Mahamudu alikuwa bado kifudifudi. Akainua uso, mchanga umemshika kwenye ndevu, akamtazama mama yake, akamtazama shemejiye.

"Funika kichwa," akasema.

*

Watu waliondoka wamenuna. Pilau haikupikwa, hilo la kwanza. Na la pili, ambalo hakuna aliyelitamka, ni kwamba mtungi haukupasuka. Unalala mchangani na kanzu nyeupe mbele ya wake za watu, unahesabu mpaka arobaini na tatu, halafu anatoka mwanamke anakwambia amefunga. Bora ungepasuka. Lingeungua jiko, ingeungua nyumba, lakini kila mmoja angerudi kwake na heshima yake.

Hilo Mahamudu alilihisi kuliko wote. Magharibi ya siku ileile alimwita Feisal, akanunua ile video, akaingia nayo bandani na kompyuta yake. Alikata kipande cha watu waliolala. Alimkata Maalim Tamimu na meza yake, na kesho yake alimpitia nyumbani kumwarifu kwamba amemkata, ili Maalim ajue. Pale yeye mwenyewe alipokuwa akiinuka na kujipangusa alipageuza, akapaongeza kasi, ikaonekana anakimbilia nyumba. Akatafuta mlipuko kwenye filamu zake, akauchagua ule wenye vipande vya bati vinavyoruka, akaupachika juu ya paa la mama yake. Mwisho akamwacha Mwanahawa akitoka ndani ya moshi, kichwa wazi, sekunde kumi na tano nzima, kwa kuwa filamu bila mwanamke anayetoka motoni watu hawaridhiki. Bi Kudra hakuonekana vizuri pale mgongoni. Alidhaniwa ni furushi.

Kibao kikawekwa stendi: TUKIO LA KWELI IKWIRIRI, MTUNGI WALIPUKA, saa kumi alasiri na baada ya magharibi. Walikuja kutoka Nyamwage, walikuja wengine kutoka Mahege kwa bodaboda. Walikuja hata wale waliolala mchangani. Wakakaa kwenye mabenchi, wakauona mlipuko, wakatikisa vichwa.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Mzee Miraji siku ya kwanza, na siku ya pili akalipa tena. "Miye sikio hili mpaka leo halisikii vizuri."

Nyumbani Mwanahawa alikuwa hawezi kushika kijiko. Alitaka kwenda zahanati, na Mahamudu akamtumia salamu kwamba ametoka mara moja inatosha. Jirani mmoja akamsiliba dawa ya meno. Siku ya pili Shufaa alikwenda kumwita nesi, Hajira, aliyekuja mwenyewe na mkoba wake, akatazama ule mkono mweupe wenye harufu ya mnanaa.

"Nani amekupaka hii?"

"Wameniambia inapoza."

"Inapoza meno." Akaanza kuisafisha kwa maji ya chumvi, taratibu, na Mwanahawa akauma ncha ya khanga. "Dada, hapa ngozi yote inatoka. Utakaa wiki sita hushiki jembe wala panga. Usidanganywe na mtu."

"Mkono wa kushoto je?"

Hajira akamtazama. "Wa kushoto mzima," akasema.

Siku ya tatu Mahamudu mwenyewe akaja. Alikaa barazani, upande wa pili wa pazia, akakohoa kwanza, kama anavyokohoa mtu mwenye habari njema.

"Shemeji, pole na mkono."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Nimekuja kwa jambo la dini. Siyo langu. Watu wanasema. Umetoka ndani ya eda, mbele ya wanaume, kichwa wazi. Eda imevunjika."

"Imevunjika vipi?"

"Imevunjika. Utaanza upya. Miezi minne na siku kumi. Usihofu, chakula kitakuja. Na ule ufuta wenu nitausimamia miye. Magunia nimeshapata."

Bi Kudra, kitandani, alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Nani amesema inaanza upya, shemeji? Maalim?"

"Maalim atasema Jumatano. Nimemwita na wazee."

Akaondoka akiimba polepole. Shufaa, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alingoja mpaka mumewe alipopotea njiani.

"Dada, nikwambie kitu," akasema. "Kichwa chako hawajakiona watu thelathini. Kimeonwa na Ikwiriri nzima. Anakuonyesha."

"Ananionyesha wapi?"

Shufaa akamweleza yote: banda, mlipuko, kibao cha stendi, mia tano. Akamweleza hata muziki uliowekwa. Mwanahawa alisikiliza bila kukatiza. Alipoulizwa kama analia alisema halii, anafikiri.

*

Jumatano zilibaki siku nne. Feisal alikuwa ameleta habari kwamba maganda ya chini yamekauka na ya katikati yanageuka.

Wazee saba walikaa barazani, Maalim Tamimu katikati, Mahamudu kuumeni kwake. Mwanahawa alikaa ndani, nyuma ya pazia, mkono umefungwa bandeji, na Bi Kudra amelazwa kwenye mkeka ubavuni mwake kwa kuwa alikataa kubaki chumbani. Shufaa alileta chai. Aliichemsha kwa mtungi uleule, mzima, wenye gesi zaidi ya nusu, mpira mpya. Wazee wakainywa wakisifu tangawizi.

Maalim alikuwa mtu aliyesoma. Alijua vizuri kwamba hakuna kitabu kinachosema eda huanza upya kwa mjane aliyetoka nje, na kwamba anayekimbia hatari hana hata kosa. Lakini alijua pia kuna kipande cha video kilichokatwa, na kwamba kitu kilichokatwa hakijatupwa.

"Mwanahawa," akaanza, "shemeji yako anasema ulitoka mbele ya wanaume, kichwa wazi, nawe umo ndani ya eda. Ni kweli?"

"Kweli, Maalim."

"Ulitoka kwa sababu gani?"

"Moto."

"Moto wenyewe ulikuwa mdogo," Mahamudu akaingilia. "Tuseme kweli mbele ya Mungu. Ulikuwa moto wa mpira tu. Angesubiri. Miye nilikuwepo, ningeuzima."

Maalim akashusha pumzi. Aliona njia imenyooka: moto mdogo, hakuna dharura, mambo yakaisha. Alishafumbua mdomo Mzee Miraji aliposogea mbele kwenye mkeka, ametega lile sikio lake zima.

"Mdogo?" akauliza. "Mdogo vipi, Mahamudu? Si mtungi ulipasuka?"

Mahamudu akajishughulisha na chai yake.

"Miye nimelipa mara mbili," Mzee Miraji akaendelea, na hakuwa na ubaya wowote moyoni, alitaka kujua tu. "Mabati yaliruka. Nimeyaona."

Wazee wengine wawili wakasema nao wameyaona. Mmoja akauliza nyumba ya makuti ilipata wapi mabati, mwenzake akamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya kitaalamu.

Sauti ya Mwanahawa ikatoka nyuma ya pazia, ya chini, ya heshima.

"Maalim, naomba nimuulize shemeji neno moja."

"Uliza."

"Shemeji, mtungi ulipasuka au haukupasuka?"

Mahamudu akamtazama Maalim, na Maalim akakitazama kikombe.

"Kama haukupasuka," Mwanahawa akasema, "basi kweli nimekosa, nilitoka bure, nianze upya. Ila wazee hawa warudishiwe mia tano zao, na waliolala mchangani waambiwe walikuwa wanalalia nini. Na kama ulipasuka, Maalim, mimi nilikuwa nakimbia kifo. Hukumu ya anayekimbia kifo wewe ndiye uliyetufundisha."

Mzee Miraji akaitikia kwa kichwa.

"Na hili la kichwa. Wanaume waliniona muda wa kuvuka uwanja huu. Tangu siku hiyo sijatoka. Lakini nasikia natolewa kila siku, saa kumi na baada ya magharibi. Sijitoi mwenyewe. Aulizwe anayenitoa."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne Mahamudu alikuwa hana cha kutafsiri. Inasemekana mtu akibanwa hufikiri haraka; yeye alifikiri polepole, na waliokuwepo waliona kila hatua usoni pake. Upande mmoja zilikuwepo ekari tatu za ufuta, magunia ameshayanunua. Upande wa pili palikuwa na mchanga, na yeye kifudifudi juu yake, akihesabu, mama yake ndani. Akautazama ufuta. Akautazama mchanga. Ufuta huvunwa kila mwaka.

"Ulipasuka," akasema.

"Sawasawa," akasema Mzee Miraji, akaegemea nyuma.

Maalim hakupoteza muda. Akasoma aya, akasema dharura ina hukumu yake, eda ya Mwanahawa ni sahihi na inakwisha Jumapili jua likizama, na Jumatatu ana ruhusa ya kwenda shambani kwake. Akasema pia, bila kumtazama mtu, kwamba si vizuri picha ya mjane kuonyeshwa, na kile kipande cha mwisho kiondolewe. Mahamudu akakubali kukiondoa. Mlipuko ungebaki.

"Alhamdulillahi," Maalim akasema, na kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwenda vyema kuliko alivyotarajia akataka kuyamaliza kwa uzuri. "Na mama yetu katika mlipuko mkubwa kama huo, ni nani aliyemtoa?"

"Ni miye," akasema Mahamudu.

Alilisema upesi, kama mtu aliyelizoea. Wazee wakageuka wakalitazama pazia. Kule ndani Bi Kudra aliinua kichwa. Mdomo wake uliokuwa na nusu ya maneno ulianza kuyakusanya, na Mwanahawa aliona yakija. Alijua yakitoka nini kitafuata: mtungi haukupasuka, moto ulikuwa mdogo, miezi minne na siku kumi. Maganda ya katikati yalikuwa yanageuka. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mdomo wa mama mkwe wake, kwa upole, akauacha hapo.

"Mwanahawa?" Maalim akaita.

"Ni mwanawe aliyemtoa," akasema.

Barazani watu wakampongeza Mahamudu. Mmoja akasema radhi ya mama ni kubwa, mwingine akasema aliona kwa macho yake namna alivyokimbilia ule moto. Bi Kudra aliacha kuusukuma mkono ule kwa mdomo. Machozi yake yalikuwa ya jicho moja tu, lile la upande ambao kiharusi hakikuuchukua, na yalipita juu ya vidole vya Mwanahawa.

Shufaa alileta chai ya pili. Alipompelekea Mwanahawa kikombe chake pazia likafunguka kidogo, na Maalim, aliyekuwa akiinuka, akaiona ile bandeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, imelowa manjano kwa chini. Hakukusudia kuuliza. Lilimtoka.

"Na mkono huo je?"

Mahamudu akageuka. Mtungi uliopasuka haufungwi koki na mkono wa mtu, na wanaume wote nane waliokuwa pale walilijua hilo, kila mmoja kwa wakati wake, wakangoja.

"Uji, Maalim," akasema Mwanahawa. "Nilikuwa nampikia mama uji."

"Pole sana," Maalim akasema. "Uji wa moto si wa kuchezea."

Na wanaume wote wakaitikia kwamba ni kweli, uji ni hatari sana, na wanawake wawe wanajihadhari.